Namna ya Kukaa Kikao cha Harusi Bila Kutoa Mchango wa Ziada

Kikao kinaanza saa 10 jioni, mchana umekula mbaazi za nazi kwa mahamri hadi ukafungua mkanda, na sasa tumbo linanguruma kuliko mwenyekiti wa kamati. Usimtafute mchawi. Mbaazi, maharage na kunde zina sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Zinafika nzima kwenye utumbo mpana, na bakteria wa huko huzichachusha wakifanya sherehe yao kabla ya ile ya kwako. Gesi ndiyo hiyo.

Dawa bora huanza jana yake. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pikia mapya. Anayepikia maji yaleyale eti utamu usipotee, ameitunza na gesi.

Kama jana imeshapita, fungua makopo ya viungo. Mimi naiamini kwanza bizari nyembamba, ile ya pilau. Chukua kijiko kimoja cha chai, ikaange bila mafuta kwenye moto mdogo hadi inukie na kuanza kubadilika rangi, kisha itwange kidogo tu, ipasuke. Mimina kikombe cha maji yaliyochemka na ufunike kwa kisahani dakika 10. Usiache kufunika: ile harufu inayopaa na mvuke ndiyo mafuta yenye kazi, na ukiyaachia yatakwenda kutibu dari. Chuja, unywe taratibu.

Shamari hufanywa vivyo hivyo, ila haikaangwi. Tangawizi iliyopondwa husaidia tumbo kusukuma chakula mbele, kwa hiyo inamfaa aliyeshiba hadi kooni. Lakini anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Mnanaa hulegeza misuli ya utumbo na kutuliza msokoto. Bahati mbaya hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo, basi mwenye kiungulia auache.

Chagua kimoja. Kuna mabingwa wanaochemsha kila kilichomo kabatini, na kitunguu saumu juu yake, wakati kitunguu saumu chenyewe huwajaza gesi watu wengi. Wengine hunywa soda ili wabeue, wakishabeua wanajipongeza. Iliyotoka ni gesi ya soda; ya mbaazi bado imekaa kule chini inasubiri ajenda ya bajeti.

Ukimaliza kikombe chako, nenda kikaoni kwa miguu. Kutembea husaidia gesi kusogea na kutoka, na heri itoke barabarani kuliko mbele ya wakwe. Ukifika, kula sambusa kwa kutafuna, usile huku unabishana kuhusu ukumbi, maana hewa unayomeza nayo hujaza tumbo.

Sasa naomba unisikilize bila kucheka. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji ya shamari wala kiungo chochote. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Akishanyonya mbebe wima, mpigepige mgongoni taratibu abeue. Na mtu mzima ambaye tumbo hujaa wiki baada ya wiki, anayekonda au kuona damu kwenye choo, akapimwe. Tumbo likivimba na kuuma, hapati choo wala ushuzi, na anatapika, hiyo ni dharura: mpelekeni hospitali usiku huohuo.