Yah: Pongezi kwa Kumpandisha Mwalimu Ghorofani

Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Wapita njia wa katikati ya mji, kuanzia Jamatini hadi Nyerere Square, wanaleta pongezi zao. Wamechelewa kidogo, walikuwa wanatafuta kivuli.

Kosa la zamani linarekebishwa. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma, kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ilipewa kazi ya kuchora ramani ya mji. Mpango wao wa mwaka 1976 ulitaka majengo mafupi, vilima vionekane, na njia za waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi. Yaani makao makuu yasiyojikweza! Leo, Barabara ya Jakaya Kikwete ina jengo la mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, liitwalo Kambarage Tower. Mwalimu Kambarage Nyerere, ambaye serikali yake iliridhia mji wa chini, amepewa mnara.

Tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ivunjwe Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa Halmashauri, hongera zote zina anwani moja. Halmashauri nayo haikukaa kutazama: imejenga Dodoma City Hotel kwa mapato ya ndani. Utaratibu huu unapunguza usumbufu, kwani anayeomba kibali cha ghorofa na anayekitoa wanakutana kwenye kikao kimoja, chai ikiwa bado ya moto.

Maduka ya Uhindini, kwa upande wake, yamezoea vibaya. Yana baraza mbele, na mtu yeyote hujibanza hapo jua likiwa kali, hata kama hanunui kitu. Ghorofa la kisasa limeondoa uzembe huo: mbele kuna maegesho, geti, na mlinzi anayeuliza, “Unaenda kwa nani?”

Kuhusu maji, wakazi hawana wasiwasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mvua za Dodoma hazijapata taarifa hiyo. Maji ya visima vya Mzakwe yataagizwa yapande ngazi.

Wapita njia wanaomba mambo mawili tu:

(a) Kila kibali cha ghorofa katikati ya mji kidai baraza lenye kivuli upande wa barabara, lisilo na geti.

(b) Michoro ibandikwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla zege halijamwagwa. Siku ya kukata utepe wananchi huwa wamechelewa kupinga, na spika za ngoma huwa zimeshafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapita Njia.