Matundu Tisa

Kanzu ya Idi ya baba mkwe imeanikwa uani kwangu. Juu imekauka, pindo bado zito kwa maji ya chumvi. Mke wangu kaniwekea chai akaondoka bila neno. Watoto wanachekea jikoni. Na mzee mwenyewe, nimesikia, tangu jana ana wasikilizaji baraza zima huko Ngamiani.

Alitaka tu kuiona boti. Ujana wake wote aliendesha majahazi baina ya Tanga, Pemba na Lamu, na mkwe aliyenunua boti ya tanga ya plastiki kutoka kwa Mfaransa aliyeichoka bahari alikuwa bado hajamwelewa. Akapanda na kanzu yake nyeupe na kofia ya viua, akagusa mlingoti wa alumini, akagonga ubavu wa boti kwa kifundo cha kidole, akanyamaza. Kisha akaomba kujisaidia.

Nikamwelekeza kwa adabu zote. Baba, kitasa hiki ukikipeleka upande huu, ukapampu, maji yanaingia. Ukikirudisha upande wa pili, ukapampu tena, kila kitu kinatoka.

"Kinatoka kwenda wapi?"

Baharini, Baba.

"Na maji yanatoka wapi?"

Baharini.

Akanitazama kidogo, akaingia, akafunga mlango. Nikasikia pampu. Nikasikia pampu imenyamaza. Kikapita kimya kirefu, halafu sauti ya upole, ya mgeni asiyetaka kumsumbua mwenyeji:

"Mwanangu, hii bahari inaacha saa ngapi?"

Nilipofungua mlango, bakuli lilikuwa limefurika na maji yanateremka sakafuni. Mzee amesimama wima, kofia haijapinda hata kidogo. Kanzu alikuwa ameishika juu kwa mkono mmoja, ikamponyoka, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa kwenye pampu: kila akitoa, bahari inarudisha. Nikajitupa chini kifudifudi kati ya miguu ya mkwe wangu, siku ya Idi, nikaikamata koki iliyo chini ya sakafu, nikaifunga.

"Chombo changu," alisema akitoka, "kiliwahi kuingia maji kwa dhoruba. Chako kinaingia maji kwa haja."

Usiku sikulala. Nilirudi botini na tochi nikakifungua choo kipande kipande, na nakiri kwamba hasira ziliniisha njiani, maana kitu chenyewe kimebuniwa kwa akili ya ajabu. Bakuli la choo cha boti liko chini ya usawa wa bahari. Hapo ndipo penye balaa lote. Aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anaijua kanuni: mradi mpira umejaa, na mdomo wa kutokea uko chini kuliko usawa wa kule yanakotoka, mafuta yatapanda kilima na kushuka upande wa pili bila kusukumwa na mtu. Sasa badala ya tangi la gari weka Bahari ya Hindi. Ukishapampu mara chache mpira umejaa, na bahari haina haja ya msaada wako tena.

Dawa yake ni kuupandisha mpira juu sana, kupita usawa wa maji hata boti ikiwa imelala kwa upepo, ukafanya upinde, na pale kileleni pakawekwa kidude chenye kijipira kinachoruhusu hewa kuingia lakini hakiruhusu maji kutoka. Pampu ikisimama, hewa inaingia, mkufu wa maji unakatika, bahari inabaki kwake. Kijipira hicho hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Changu kilikuwa kimeganda kwa chumvi, kimefunga kama kilivyo. Kitasa nacho mpira wake wa ndani umelika, kwa hiyo mzee alikifunga barabara kabisa na hakikufunga kitu. Boti ngapi zimezama zikiwa zimetia nanga bandarini, hakuna wimbi wala mwamba, kwa ajili ya choo tu! Nilipiga hesabu: tundu la milimita 19, likiwa sentimita 30 chini ya maji, tukiusahau msuguano, linaingiza karibu lita 40 kwa dakika. Pampu ya ngamani niliyonayo imeandikwa kwamba inatoa zaidi ya hapo. Iliandikwa na waliokuwa wanaiuza.

Lakini nilipomweleza, mzee hakutaka kijipira. Alitaka kujua tundu.

"Limetobolewa na nani?"

Na kiwanda, Baba.

"Yako mangapi?"

Tukayahesabu. Choo mawili, kuingia na kutoka. Sinki moja. Maji ya kupozea injini moja. Mhimili wa rafadha moja. Kipima kina moja. Kipima mwendo moja, na hiki hutolewa kusafishwa chaza boti ikiwa majini, maji yakiruka kama umeme umekatika na bomba limepasuka kwa pamoja. Mifereji ya sitaha ya nyuma mawili. Tisa.

"Na fundi ukamlipa?"

Kwenye jahazi, akanieleza, choo ni sanduku la mbao lililoning'inizwa nje ya tezi. Huna koki, huna mpira, huna kijipira. Chini kuna bahari yote. Halijawahi kuharibika. Nikamwambia kwamba kwenye sanduku lile mtu aliweza kuanguka. Akasema aliyeanguka alikuwa na sababu zake.

Kijipira kipya nimekiagiza, na hapa ucheshi unanikauka. Bei yake haifiki sahani ya pilau. Usafiri wake ni mara nyingi ya bei hiyo, na ushuru unakuja juu ya vyote viwili, kwa kuwa kwenye dirisha la forodha nimeambiwa hiki ni kifaa cha boti ya starehe. Jirani yangu pale nangani, Mzungu anayeizunguka dunia, cha kwake kiliandikwa "chombo kilichomo safarini" kikapita. Mimi nina safari ya Ngazija, lakini mimi ni mwenyeji, na mwenyeji hayumo safarini. "Mwenye boti yuko wapi?" kijana wa dirishani aliniuliza. Ni mimi. "Hapana, namaanisha mwenyewe." Nikamwonyesha hati. Akaisoma, akaigeuza, akaniuliza kama bosi amenipa barua ya kumwakilisha. Pwani hii ilipelekwa Maskati na kusi na kurudishwa na kaskazi, karne baada ya karne, na leo mtu wa Tanga akionekana ameshika usukani wa boti yenye tanga jeupe, anaulizwa ameajiriwa na nani.

Koki nazo nimezikagua usiku ule ule. Mbili ni brasi badala ya bronzi. Brasi ni shaba na zinki, na maji ya chumvi huila zinki yote yakaacha shaba tupu, ya waridi, laini, unayoweza kuivunja kwa bisibisi. Kiwango cha kimataifa, ISO 9093, kilipotoka kilihesabu kuwa kifaa hakiliwi na kutu kikiwa kimedumu miaka mitano bila kasoro. Boti ya Mfaransa imepita umri huo zamani. Nimenunua bronzi. Bamvua ijayo nitaipandisha boti ufukweni ili nizibadilishe maji yakipwa.

Mengine ni madogo. Usukani wa kujiendesha ulituzungusha duara mbele ya kisiwa cha Toten hadi tulipoiondoa spika ya mwanangu iliyowekwa kando ya dira yake. Sumaku kwa sumaku. Nanga ilishika mtego wa samaki wa mtu, naye akataka alipwe pamoja na samaki ambao hawakuwa wameingia bado.

Na ramani ya kwenye skrini, ambayo mstari wake wa pwani kwa sehemu nyingine ulipimwa kabla ya kuwapo setilaiti, imekuwa ikituonyesha tuko katikati ya mikoko kila tunapoelea salama. Siku ilipoonyesha kina cha mita sita, tulikuwa tumekaa juu ya fungu la mchanga, boti imelala ubavu. Maji yalipokupwa kabisa, akina mama waliokuwa wanatafuta pweza wakatupitia kwa miguu. Mmoja akasimama, akaizunguka boti yote, akahesabu matundu kwa ncha ya kijiti chake, akauliza kama tunaiuza.