Sifa za "Tafadhali Jaribu Tena Baadaye"

Washairi wetu wamesifu subira, wamesifu mapenzi, wamesifu hata pilau. Hakuna aliyemsifu yule dada mwenye sauti laini kwenye simu: "Wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Tafadhali jaribu tena baadaye." Dhima hiyo naibeba mimi.

Fadhila yake kuu ni usawa. Foleni ya miguu imejaa dhuluma. Ukifika zahanati unauliza, "Wa mwisho nani?" Unaonyeshwa bibi mwenye kanga, na kuanzia hapo umefungwa nyuma yake. Aliyewahi ana haki, aliyechelewa hana: ubaguzi mtupu dhidi yetu tunaopenda kulala! Foleni ya kupiga tena haina wa kwanza wala wa mwisho. Aliyeanza kupiga alfajiri na aliyeamka sasa hivi daraja lao moja. Atakayepokelewa ni yule ambaye kidole chake kimebonyeza sekunde ileile laini ilipoachiwa. Cheo hakisaidii, mvi hazisaidii, kuwahi ndiyo kabisa. Wanafalsafa wameutafuta usawa huu vitabuni, kumbe umekaa kwenye namba ya huduma kwa wateja.

Zipo na fadhila ndogondogo: hukomaza kidole gumba, hukukaririsha muziki wa kusubiri mpaka uupige mluzi bafuni, na humlisha muuza vocha.

Hata hesabu ilitaabika na foleni hii ya kupiga tena. A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 fomula ya kukadiria ni simu ngapi zitakosa nafasi laini zikijaa. Ndani yake alichukulia kwamba anayekosa nafasi huenda zake, harudi. Muungwana yule hakumwazia mtu ambaye kadi yake imemezwa na mashine ya benki Ijumaa jioni, na ada ya watoto imo humo. Mtu huyo haendi popote! Anapiga, anakatwa, anapiga. Na wenzake vivyo hivyo, mpaka laini zinazibwa na simu za walewale waliokwisha kushindwa. Wataalamu waliofuata waliwaingiza wanaorudia kwenye hesabu zao. Benki yangu bado. Jumatatu dada ananiambia baadaye, Jumanne baadaye. Baadaye ni saa ngapi, jamani? Si mseme!

Turudi kwenye sifa. Fadhila ya mwisho ni ya wakubwa. Kila jaribio mtambo hulihesabu kuwa simu, na simu zikifika kwenye ripoti huitwa "mwitikio mkubwa wa wateja". Mtu mmoja mwenye hasira anatosha kuwa umati. Akichoka akaacha, idadi hushuka, nayo huandikwa kwa fahari: malalamiko yamepungua. Ukipiga wanapongezwa, usipopiga wanapongezwa. Kuajiri wahudumu wawili zaidi kungeharibu mafanikio yote haya, na hakuna meneja mwenye akili timamu atakayethubutu.