Barua ya Wazi kwa Wachujaji wa Vipaji

Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

Kumb. Na.: Sina. Masjala yangu ni kivuli cha mwembe.

YAH: PONGEZI KWA MCHUJO WA VIPAJI MAALUMU

Mheshimiwa Waziri,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tabora, mjukuu wa wapagazi. Babu zetu walibeba mizigo ya frasila mbili mbili kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mzigo wake mwepesi. Kwa hiyo suala la nani atangulie na nani abebe, hapa tulilijua kabla wizara yoyote haijapata mhuri.

Nakupongeza kwanza kwa kudumisha mila. Miaka ya 1920 Waingereza walifungua hapa shule ya wavulana, wakakusanya watoto wa machifu wawafunze kutawala. Leo shule hiyo, Tabora Boys, ni ya vipaji maalumu, na haiulizi baba yako ni mtemi wa wapi. Inauliza umesiliba vipi ule mtihani wa darasa la saba. Hayo ni maendeleo, na nasema kwa dhati: mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo anaweza kupata kitanda bweni moja na mtoto wa mkurugenzi, bila kulipa ada.

Tatizo ni kufika kwenye hilo bweni. Mtoto wa mkurugenzi kapitia shule ya Kiingereza, twisheni ya jioni na ya Jumamosi. Yule wa Urambo kapitia dawati la watu watano na msimu wa kuvuna tumbaku. Siku ya mtihani wote wanapewa maswali yaleyale na muda uleule. Haki gani nyingine wanataka?

Kwa kuwa utaratibu huu wa mchujo ni mzuri, napendekeza uende hadi Wizara ya Afya. Hospitali za rufaa zipokee watu wenye afya njema tu, waliochujwa kwa kukimbia na kuruka kamba. Wagonjwa wabaki kwenye zahanati ya kijiji, na mhudumu mmoja. Mwisho wa mwaka tuipongeze hospitali ya rufaa kwa kutofiwa na mtu, na mhudumu wa zahanati tumwandikie barua ya kujieleza.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Tulipiga makofi. Kumbe shule hazipangwi tena kwa ubora, ila watoto wa miaka kumi na tatu ndio wanaendelea kupangwa: huyu kipaji maalumu, huyu wa shule ya kata. Shule imesitiriwa, mtoto ameachwa uchi.

Naomba pia ujihadhari na shule hii, Mheshimiwa, maana ina historia ya kuwageuka walioitegemea. Mwaka 1937 iliingiza kijana wa Chifu Burito wa Wazanaki, kama ilivyokusudiwa. Kijana huyo, Julius Nyerere, akaja kuongoza serikali iliyofuta uchifu mwaka 1963. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, akiilaumu elimu inayowaandaa wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Aliijua kwa ndani. Alikuwa mmoja wa hao wachache. Sasa picha yake imo ofisini kwako, na mchujo umo mezani.

Sisemi shule ifungwe. Majengo yake ni mazuri, na walimu wake wamelea watu wa maana. Naomba mchujo ugeuzwe tu. Chujeni walimu, mwache kuchuja watoto. Mwalimu bora wa hisabati apelekwe Kaliua, apewe nyumba na posho ya mazingira magumu. Maabara ijengwe kwanza Sikonge. Na nafasi za Tabora Boys zigawanywe, kila wilaya fungu lake, ili mtoto ashindane na aliyekaa naye dawati moja, si na aliyelipiwa twisheni.

Yule kirangozi hakuwahi kufikisha pembe zote za ndovu Bagamoyo peke yake. Muhula wa kidato cha kwanza unaanza Januari. Naomba majibu kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjukuu wa Mpagazi,
Tabora.