Kikaango Hakitaki Moto

Jamani, mtu ukipanga chumba Tukuyu, ndizi utapewa. Maparachichi utaletewa mpaka uyakimbie. Mvua ndiyo usiseme, inakufuata hadi uvunguni. Lakini sufuria? Hakuna wa kukupa sufuria. Hapo ndipo unagundua kwamba nyumbani ulikuwa unakula tu, chakula kilitokea wapi hujui.

Nikashuka zangu sokoni Tandale, hii yetu ya hapa, siyo ya Dar. Nataka kikaango cha nonstiki. Kwa nini nonstiki? Hata sijui. Kila anayeanza maisha anacho, na yai linateleza humo kama mheshimiwa aliyeulizwa habari za barabara. Muuzaji kanitazama, katazama tope la viatu vyangu, kanijua. "Kaka, chukua hii, granaiti hii!" Nikainyanyua. Nyepesi! Mawe ya Mlima Rungwe nayafahamu, ukibeba moja mgongo unakwambia. Kumbe yale madoadoa ni urembo, chini yake alumini iliyopakwa utando. Nimeambiwa na mama mmoja aliyefuata chujio la chai, tena kwa sauti ya soko zima: "Mwanangu, gusa kitako, kikiwa chembamba kitabenuka. Tikisa mpini, ukicheza achana nacho." Nikatikisa. Ukacheza. Watu wakacheka. Nikanunua hivyo hivyo, maana hela yangu iliishia hapo hapo. Vizito vipo, ila vina bei ya watu wazito.

Sasa nyumba ninayokaa kuna mpangaji mwalimu wa kemia. Huyu hapendi kuona mtu ana raha. Eti mwaka 1938 Mmarekani mmoja, Roy Plunkett, alikuwa anahangaika na gesi za majokofu. Mtungi mmoja ukagoma kutoa gesi. Kuupasua, ndani unga mweupe unaoteleza. Ndiyo teflon hiyo. Miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire akaweza kuigandisha kwenye alumini, na wazo la kuipeleka jikoni husemwa ni la mkewe. Mimi naitikia tu, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Akamalizia: usikibandike kitupu kwenye moto mkali, maana joto likipita nyuzi 260 utando unaanza kuharibika, na moshi wake unaua ndege.

Nikamwuliza, mkaa wangu una nyuzi ngapi? Akacheka, akaingia kwake.

Mkaa hauna swichi, bana! Na kwa baridi hii jiko ndiyo hita. Halafu kuku wa mama mwenye nyumba hulala pembeni ya jiko langu hilo hilo. Akifa, kodi si itapanda? Basi nikawa nakaanga mlango wazi, mvua inaniingilia, nimevaa koti, jicho moja kwenye yai, jingine kwa kuku. Yai likiungua, kuku mzima.

Akaja shangazi kutoka Mwakaleli na mkungu wake wa ndizi. Leo tunakula mbalaga. Nikatoka mara moja kufuata chumvi. Narudi, namkuta kachuchumaa, stilwaya mkononi, majivu pembeni, kikaango kinameremeta mpaka naona uso wangu. "Mwanangu, unapikia masizi yote haya? Ndiyo maana huoi." Utamjibu nini shangazi? Nikasema ndaga fijo, asante sana.

Jioni yai likanata. Nikalikwangua kwa kijiko, likatoka vipande vipande, akavitazama kwa huruma. "Mafuta unayaonea uchoyo."

Sasa natafuta sufuria la alumini la kawaida, jeupe, nene, lisilo na utando, ambalo kila mgeni anaweza kulisugua na nafsi yake ikatulia. Mwalimu anasema alumini nayo ina mambo yake. Nimefunga mlango.