Mzigo wa Mnemba

Video ile inazunguka hadi sasa. Shemeji yangu, ambaye nauli yake ya boti niliilipa mimi, aliitupia kwanza kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kutoka huko ikahamia kundi la msikitini, na leo asubuhi muuza chapati wa mtaani kwetu ameniuliza, huku akikwepa kunitazama usoni, eti maji ya kisiwa cha Mnemba yana baridi? Kinachoonekana ni boya la mviringo la rangi ya chungwa, mikono miwili iliyolikumbatia, na nyuma yake kaptula iliyojaa hewa ikielea. Mbele ya boya kuna kamba. Mbele ya kamba kuna kijana anaogelea kwa mkono mmoja, wa pili ananivutia. Kwa kulia anapita mtoto wa Kizungu, pengo mbele, hana boya wala jaketi, ananipungia mkono. Anayecheka ni shemeji. Anayepaza sauti "Mzigo umefika!" ni nahodha.

Naomba iandikwe mahali kwamba niliuliza mapema. Pale ufukweni Muyuni, kabla sijatoa hata shilingi, nilimwambia kijana aliyekuwa akituuzia safari kwamba mimi na kuogelea hatujawahi kukutana. Akasema, "Kuogelea si lazima, mjomba. Chumvi itakubeba." Kisayansi hakudanganya. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, kwa hiyo ni mazito kuliko ya kisimani, na binadamu mwenye pumzi kifuani huelea humo bila kufanya lolote. Kinachoelea, hata hivyo, ni utosi na sehemu ya mgongo. Chumvi hubeba mwili. Pua haikuwamo kwenye mkataba.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye sharubu.

Boti ilipotia nanga pembeni mwa mwamba, kiongozi wetu alifungua tenga la miwani ya kuzamia akaanza kumpima kila mtu. Kipimo chake ni kitamu kukitazama. Anakuwekea miwani usoni bila kuvuta mkanda, anakuambia vuta hewa kwa pua, kisha anaachia mkono. Ikiganda usoni, ni yako. Kwa shemeji iliganda. Kwa yule mtoto wa pengo iliganda. Kwangu ikaanguka. Akachukua nyingine, ikaanguka. Ya tatu ikaanguka ikamgonga mguuni Mjerumani mmoja mtu mzima. Boti nzima ikawa kimya, na kiongozi akanisogelea akanikagua mdomo wa juu kwa utulivu wa daktari anayetafuta maneno.

"Mjomba," akasema, "tatizo sharubu hizo."

Akanieleza, na nakiri maelezo yalinivutia kiasi cha kusahau aibu kwa muda. Pembezoni mwa miwani kuna ukingo laini wa silikoni unaotakiwa ulale juu ya ngozi tupu. Ukilala hivyo, hewa iliyomo ndani haitoki na maji yaliyoko nje hayaingii. Unywele ukipita chini ya ukingo huo, unaacha mfereji. Mfereji mwembamba kabisa, lakini bahari haina haraka na haichagui njia. Haihitaji mlango, unywele mmoja unaitosha. Mimi nilikuwa nimeifungulia mifereji isiyohesabika, kila mmoja ukiwa urithi kutoka kwa baba aliyeupata kwa babu. Sharubu hizi zimo kwenye pasipoti yangu. Zimo kwenye picha za harusi. Hakuna tangazo lolote la safari za Mnemba linaloonya kwamba ukoo una madhara.

Mjerumani, mwenye ndevu kunizidi, akasema kwao hupaka mafuta mazito ili kuziba nafasi kati ya nywele. Wazo likapokewa kwa shangwe. Kasoro ni kwamba botini hapakuwa na mafuta mazito wala mepesi, isipokuwa yale ya mpishi, aliyekuwa ameketi tezini akisubiri kukaanga samaki wa mchana. Hivyo ndivyo nilivyopakwa sharubu mafuta ya kupikia, hadharani, na kijana aliyeweza kuwa mwanangu, simu zikirekodi. Nilikwenda kuwatembelea changu nikinukia changu wa kukaanga.

Kisha nikaambiwa niteme mate ndani ya miwani. Nililelewa na mama ambaye mtoto akitema mate mbele ya wageni halali na mashavu mazima, kwa hiyo nilidai sababu. Ipo, na ni nzuri. Uso hutoa joto na mvuke, kioo hupozwa na bahari, mvuke ukikigusa unageuka matone madogo madogo na ghafla huoni kitu. Mate huyazuia maji yasijikusanye kuwa matone. Yanatandazika yakawa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Nikatema. Nikasugua kwa kidole. Nikasuuza. Mjerumani akanionyesha dole gumba.

Likafuata bomba la kupumulia, na hapo ndipo nilipotoa hoja niliyodhani ni ya busara kuliko zote zilizotolewa siku ile. Kama usalama wa mtu ni bomba, kwa nini wasilitengeneze la mita mbili, mtu akakaa chini kwa raha zake akipumua hewa ya juu? Kiongozi akacheka. "Ukilirefusha, bahari itakukalia kifuani." Nilifikiri ni mafumbo ya watu wa pwani. Kumbe ni fizikia. Ukishuka mita moja tu, kila sentimita ya mraba ya kifua chako inabebeshwa takriban gramu 100 za ziada, na kifua kizima kina sentimita hizo nyingi sana. Misuli ya kuvutia pumzi haina nguvu ya kuunyanyua mzigo ule huku hewa inayovutwa ni nyepesi ya juu. Zaidi ya hapo, pumzi uliyoitoa haitoki yote katika bomba refu. Inakaa humo ikikusubiri, unaivuta tena, na kila ukirudia inazidi kuchakaa. Ndiyo maana bomba ni fupi, halizidi sana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Waliokaa wakayafikiria haya nawavulia kofia. Wasichokifikiria ni mtu ambaye akiogopa, kitu cha kwanza anachokifanya ni kufungua mdomo.

Nikaingia majini.

Mafuta ya mpishi yalidumu kwa muda wa bismillahi moja. Maji yakapenya kwenye sharubu, yakatulia chini ya pua, pua ikavuta kwa mazoea, nami nikafungua mdomo kulalamika. Kupitia lile bomba ilitoka sauti ya mbuzi aliyeona kisu. Kilichoendelea nakisimulia kwa kutegemea mashahidi: nilimpanda kiongozi. Sikumshika, nilimpanda, kwanza bega, halafu kichwa, nikitafuta mahali pakavu pa kusimama. Naye, chini yangu, alikuwa akisema kwa adabu isiyo ya kawaida, "Mjomba, niachie shingo tafadhali, tutakwenda sote." Boya lilirushwa. Kamba ikafungwa. Nahodha akatamka jina ambalo sasa ndilo langu.

Ila siwezi kuwa mnyimi wa haki. Baada ya kuvutwa kwa muda na kugundua kwamba sijafa, nilitumbukiza uso, na palepale chini yangu alikuwapo pono wa kijani na waridi akiguguna mwamba. Meno ya pono yameungana yakawa mdomo wa kasuku. Anakwangua miamba na matumbawe yaliyokufa akitafuta mwani, na kwa kuwa hana namna ya kuuchambua, anameza na mawe. Nyuma kooni ana meno mengine ya kusagia. Mawe yanatoka upande wa pili yakiwa mchanga laini, mweupe pe. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Niliushuhudia mzigo mmoja ukitoka, wingu jeupe likishuka polepole, nikawaza kuhusu watu wanaolipa dola kulala kifudifudi juu ya mchanga wa pwani zetu, bila kuambiwa sehemu yake imepitia wapi. Nilinyoosha mkono kumgusa, nikashika maji. Nuru inapotoka majini kuingia katika hewa ya miwani inapinda, na samaki huonekana amekaribia kwa robo ya umbali na kunenepa kwa theluthi. Nawaonea huruma wavuvi wote niliowahi kuwaita waongo.

Tulipopanda kupumzika niliuliza lini tunashuka kisiwani. Kilikuwa pale mbele yetu, kidogo, mzunguko wake kilomita moja na nusu hivi, mivinje inatikisika, mchanga unaita. Hatushuki, nikajibiwa. Kisiwa kimekodishwa kwa hoteli, na ambaye hajalipia kulala humo anakitazama kutoka botini. Nikauliza kama hakuna kiumbe cha Unguja kinachoruhusiwa. Wapo, akasema kiongozi: paa nunga. Walikamatwa msituni huku Unguja wakahamishiwa kule ili wasitoweke, na wanaishi bila kulipa. Kasa nao hupanda usiku kutaga. Naunga mkono kasa na paa kupewa hifadhi. Ninachosema ni kwamba nimeitazama ardhi ya nchi yangu kwa muda mrefu nikiwa na sharubu zinazochuruzika mafuta, na paa mdogo akanitazama kutoka upande ulioruhusiwa.

Mengine nayafupisha. Ndala moja ilikwenda na mkondo. Simu ililowa. Chakula kilikuwa kizuri. Mgongo na nyuma ya magoti viliungua, maana anayevutwa kifudifudi jua linampiga upande mmoja, na yale maneno kwamba mtu mweusi haungui yasemwe mbele yangu tena yaone.

Lakini kuna jambo halichekeshi. Wakati wa kula, kwa msaada wa kiongozi, nilizungumza na baba wa yule mtoto wa pengo. Ni watu wa Uholanzi. Nilimuuliza mtoto amejifunza wapi, akasema kwao ni jambo la kawaida, mtoto wake ana cheti. Cheti! Kule kuna vyeti vya kuogelea, A, B na C, na mtihani unamtaka mtoto aogelee akiwa amevaa nguo na viatu, kwa kuwa nchi imejaa mifereji na hakuna anayetumbukia mferejini akiwa amejiandaa. Nchi inayoogopa maji imeamua kumfundisha kila mtoto wake maji.

Sisi je? Tuna Bahari ya Hindi, tuna Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na somo letu la kuogelea ni sentensi moja ambayo kila mama anaijua: usisogelee maji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, iliyojaza watu kupita uwezo wake, ilizama ikienda Pemba, upande huohuo wa kaskazini mwa Unguja ambako mimi nilikuwa nikichekwa. Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imebakiza mita chache kufika gatini Ukara. Watu walikufa huku nchi kavu wanaiona. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni kosa la aliyeijaza, na aliyenaswa ndani hana pa kuogelea. Nasema tumezika watu, tumeunda tume, na bado mtoto wa Matemwe anamaliza shule bila kufundishwa kuelea, ilhali bahari anaiona dirishani mwa darasa.

Na panapofundishwa, inakuwa habari ya dunia. Picha za wasichana wa Kijini, jirani kabisa na tulipopandia boti, wakijifunza kuogelea, zilizopigwa na Anna Boyiazis mwaka 2016, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Picha ni nzuri mno. Lakini hakuna anayempa tuzo mpiga picha kwa sababu Mholanzi mdogo kaingia bwawani.

Walimu tunao. Ni vijana wale wanaowavuta wageni kwa kamba kila siku, wanaoyajua maji ya bamvua na maji mafu, wanaoweza kumtuliza mtu mzima aliyewakalia kichwani. Halmashauri yoyote ya pwani au ya ziwa inaweza kuwalipa posho wakafundisha darasa moja kila Jumamosi, na uwanja wa mafunzo hauhitaji kujengwa. Ewe mwalimu mkuu, ewe diwani, ewe mzazi mwenye mtoto wa miaka saba: mpelekeni akajifunze sasa, kabla hajaota sharubu.