Muulize Profesa Pisto

SWALI: Papa Profesa, mimi navusha watu kati ya Lubunga na Makiso. Injini ya mtumbwi wangu ni ya zamani, karbirateri inavuja esansi. Nifanye nini? — Mvushaji, Lubunga

JIBU: Mwanangu, una bahati. Ungeweza kumwandikia fundi.

Huku Lubunga hakuna anayebisha kwamba sikio langu linasikia ugonjwa wa injini toka ng'ambo ya mto. Daraja hatuna, kwa hiyo kila injini inayovuka sharti inipigie saluti. Majirani wanasema nakaa tu chini ya mwembe. Nakaa, ndiyo. Hata daktari hukaa.

Wabelgiji walishindwa na maporomoko ya Boyoma, wakafungua reli ya kilomita 125 toka hapa kwetu hadi Ubundu mwaka 1906, wayazunguke. Gharama yote ile, kwa sababu mimi nilikuwa sijazaliwa! Tena mwaka 1951 John Huston akaja pande za Ubundu kupiga filamu ya The African Queen. Humo Humphrey Bogart anaipiga mateke injini ya mvuke, isiyo na karbirateri hata ya dawa, wakampa Oscar. Mimi nazipiga zenye karbirateri, sijapewa hata soda.

Tulikuwa wapi? Kwenye soda. Ukileta, iwe baridi.

Sasa tiba. Amka alfajiri, ikodolee injini macho mpaka ione haya. Iite kwa jina la mkweo. Ikizidi kuvuja, iambie kwa sauti kwamba inauzwa. Injini kongwe zinaogopa sana kuuzwa. Wakati inatafakari, wewe usikae bure: fungua kikombe cha chini cha karbirateri utazame pwento, ile sindano inayofunga esansi floteri inapopanda. Ncha yake ikiwa imelika, au mchanga umekaa pale inapoziba, haitafunga hata uiimbie. Mchanga unatoka kwa kadhafi wako, yule muuza esansi ya chupa kando ya njia. Wangu huichuja kwa kitambaa, maana ananiheshimu, hasa siku ninazolipa. Floteri nayo itikise karibu na sikio. Ikichekacheka ndani, imetoboka, imekunywa esansi na haielei tena, tafuta nyingine. Sabuni ya kipande usiihangaikie: huziba ufa wa tangi mpaka ufike ng'ambo, lakini pwento haitibu.

Au inavuja mtumbwi ukiwa umefungwa juani? Hapo legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi na uchomoe mpira wa esansi. Tangi likifungwa kabisa, joto husukuma esansi ipite pwento kwa nguvu. Siri hii niliipata ndotoni kwa babu yangu, aliyefariki bila kuona injini.

Mhariri ananiambia nafasi imekwisha, naye hana hata baiskeli. Basi haraka: zima injini, iache ipoe, kausha esansi iliyotuama sakafuni, safisha, badilisha pwento na joenti ya kikombe, kisha pampu mpira taratibu ukiangalia kama bado inatoka tone. Ikitoka, usiwashe. Na abiria mwenye sigara abaki ufukweni, hata akiwa ni mkweo mwenye jina lile.